Mstari Mwekundu kwenye Jiwe la Mama Zawadi

Mwanzoni mwa muhula huu nilikuwa nimeketi jikoni kwangu, huku Penrith, pembezoni mwa Sydney, nikifunika madaftari ya mwanangu kwa plastiki. Kabla sijakata kipande cha kwanza, niliinua plastiki ile hadi puani nikainusa. Mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini ninanusa plastiki. Ni jambo ambalo baba yangu alilifanya kila mara nilipokuwa mdogo. Plastiki laini, ile yenye harufu tamu kama ya mwanasesere mpya, ilikuwa adui nyumbani kwetu. Papa, kama tulivyomwita baba, alisema hutoa jasho, na jasho lake hugeuka ukijani juu ya sarafu. Plastiki nzuri ni ngumu na hainuki kitu. Aliinusa kila bahasha ya kutilia sarafu akiwa amefumba macho, na mimi nilisimama kando nikiwa na hofu, kwa sababu nilidhani anatafuta sumu.

Tuliishi Fairfield, katika fleti ya matofali mekundu karibu na reli. Treni ikipita, vikombe kabatini viligongana. Papa alipanga masanduku ghalani, Mama alihudumia wazee majumbani mwao. Lakini kwa Wakongo wa kanisa letu Papa hakuwa mtu wa ghala. Alikuwa mtu wa mizani. Kule Kivu, kabla ya vita na kambi, aliketi nyuma ya mizani ya mnunuzi wa dhahabu, akipima unga wa wachimbaji kwa vijiti vya kiberiti na kwa sarafu za zamani ambazo dukani hazikununua tena hata chumvi. Hakuna mchimbaji aliyewahi kusema amepunjwa na Papa. Sifa hiyo ilivuka bahari pamoja naye. Ndiyo maana familia za kanisani zilipoanzisha mfuko wa msiba, ili mtu akifia huku ugenini azikwe bila aibu, hazikuhangaika kutafuta mweka hazina. Walimwambia tu, "Papa Riziki, wewe ndiye utashika." Riziki ni mimi.

Benki hawakuitaka. Wazee wa kikundi walikuwa wameona pesa ikifa: walilala na noti, wakaamka redio inasema noti zile si kitu tena, watoto wakazichezea barabarani. Tangu hapo waliamini vitu viwili, dhahabu na dola ya Marekani, na dola yenyewe waliiamini kwa masharti. Kule kwetu mwenye duka huiinua noti ya dola kwenye mwanga, huipapasa kingo zote, na akikuta imechanika hata padogo kama ncha ya ukucha, anakurudishia. Ni dola halali, kila mtu anajua ni halali, ila hakuna atakayeipokea. Mama alikuwa na noti kama hiyo ndani ya Biblia yake. Alivuka nayo mipaka, ikakataliwa kila mahali, na hata alipofika nchi ambayo benki zake zingeipokea hakuipeleka. Kwake ilikuwa imeshakufa, akaitunza kama mtu anavyotunza picha ya marehemu.

Basi Papa alipowaeleza kwamba Wamarekani wa zamani walipiga dola zao kwa dhahabu, na kwamba sarafu hizo bado zinauzwa, sebule nzima ilicheka kwa furaha. Dola na dhahabu katika kitu kimoja.

"Na haichaniki," alisema Mama Zawadi. "Hata panya hawezi kuila. Nunua hiyo."

Mama Zawadi alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mama mpana mwenye sauti ya taratibu, na akinyamaza watu walinyamaza pamoja naye. Ujanani alinunua dhahabu machimboni na kuipeleka mjini akiwa ameificha ndani ya nywele zilizosukwa. Huku Sydney alifanya kazi ya usafi, lakini ndani ya mkoba wake, pamoja na miwani na peremende, alibeba jiwe jeusi. Lilikuwa jiwe laini la kusugulia dhahabu, dogo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Unasugua dhahabu, inaacha mstari, na mwenye macho anausoma mstari, kwa rangi yake, kama dhahabu ni safi.

Michango ilipofikia kiasi, Papa alinichukua tukapanda treni hadi Cabramatta, kwa sonara mmoja mzee aliyetoka Vietnam. Duka lake lilikuwa finyu, katikati ya muuza samaki na muuza vitambaa, na lilinuka uvumba na barafu ya samaki wa jirani. Kwenye vioo aliweka mikufu na vikuku vya jade. Sarafu za Marekani alizificha kwenye droo chini ya mashine ya kuhesabia, na alizitoa kwa mtu aliyemwuliza tu. Mwanzoni Papa alinunua za kawaida, ndogo, zilizochakaa, kwa bei iliyo karibu na uzito wake. Kidogo kidogo zikajaa kiganja. Kila mkutano alizimwaga mezani, watu wakazishika, watoto wakazisimamisha kwa ubavu, na Mama Zawadi akazirusharusha mkononi kama anayepima mahindi ya kukaanga.

Lakini Papa alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alianza kumwuliza sonara kwa nini sarafu hii ni ghali na ile yenye uzito uleule ni rahisi. Sonara akamwazima lenzi. Jumamosi zilizofuata tulikaa pale hadi samaki wa jirani wakaisha. Nilijifunza pamoja naye, nikiwa nimesimama juu ya kreti la maziwa. Nilijifunza kwamba yule mwanamke wa kwenye sarafu, mwenye taji dogo kichwani, huanza kuchakaa kwenye nywele za juu ya sikio, kisha shavuni. Upande wa pili tai huchakaa shingoni kabla ya mabawa. Chini ya tai kunaweza kuwa na herufi ndogo inayosema sarafu ilipigwa katika mji gani, na kuna miji iliyopiga nyingi mno na mingine iliyopiga chache. Na kuna wakati serikali yao iliwaambia raia warudishe dhahabu, sarafu zikayeyushwa kwa marundo, kwa hiyo kila iliyobaki ni kama mtu aliyetoroka. Papa aliposikia hilo aliiweka lenzi chini. Sisi tulikuwa watu wa kutoroka. Nadhani hapo ndipo alipozipenda.

Siku moja sonara alitoa kwenye droo sarafu ya dola kumi ndani ya kasha gumu la plastiki. Chini ya tai kulikuwa na herufi C mbili ndogo, zimebanana. Alisema hizo ni za kiwanda kidogo cha jangwani kilichofanya kazi kwa muda kisha kikafungwa. Nyingi za kiwanda hicho zilipita mikono ya wachimbaji na wacheza kamari zikasuguliwa hadi uso ukafutika. Hii haikusuguliwa. Papa aliitazama hadi jicho likatoa machozi.

"Riziki, tazama nywele zake," aliniambia. "Hakuna aliyemshika."

Kisha akafungua kitambaa alichobebea sarafu za kikundi kuja kuzitazama kwa lenzi, akamimina zile ndogo zote kwenye kaunta, na tukaondoka na moja.

Kwenye treni nilimwuliza kama akina Mama Zawadi wanajua. Alijibu kwamba atawaeleza vizuri, wakati mzuri, jambo lenyewe linataka maelezo. Nakumbuka alikuwa ameuweka mkono juu ya mfuko wa shati, na mkono ule ulikuwa unatetemeka.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Zile ndogo zilikuwa zikikaa ndani ya kopo la majani ya chai. Hii ilikaa nyuma ya Biblia, ndani ya kasha, kasha ndani ya soksi. Papa akitaka kuitazama alinawa mikono, akavaa glavu nyeupe za pamba, akazuia pumzi. Aliishika kwa ncha za vidole, pembeni tu. Na mikono yake ilitetemeka. Mimi sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilidhani najua.

Papa alikuwa na kaka yake, ambaye mimi sikumwona, aliyechoma dhahabu kwa zebaki mlangoni mwa jiko lake. Zebaki hushika dhahabu, moto huifukuza zebaki, na moshi wake huingia kwa mtu. Kaka yake alianza kutetemeka vidole, halafu midomo, mwishowe hakuweza kupeleka kikombe mdomoni bila kujimwagia. Papa alitusimulia hadithi hiyo mara nyingi, kueleza kwa nini alikimbilia mizani badala ya shimo. Basi mimi niliweka mambo pamoja kama mtoto anavyoyaweka: dhahabu, glavu, pumzi iliyozuiwa, plastiki inayonuswa, mikono inayotetemeka. Niliamini sarafu ile ina zebaki na kwamba Papa anakufa taratibu kwa ajili ya kikundi. Wakati wa kula nilitazama kikombe chake. Kila kilipofika mdomoni bila kumwagika, nilishusha pumzi.

Wakati mzuri wa kueleza haukufika. Kilichofika ni ugonjwa wa Esta, mdogo wake Mama Zawadi. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na madaktari wakaanza kuzungumza na familia kwa sauti ile ya upole inayotisha kuliko ukali. Jumapili moja kanisani Mama Zawadi alimshika Papa mkono.

"Papa Riziki, leo mchana tunakuja kuona mfuko. Si kwamba namwombea mdogo wangu kifo. Nataka tu kulala."

"Karibuni," alisema Papa.

Walikuja wakiwa bado na nguo za kanisani. Mama aliweka sambusa na soda mezani, hakuna aliyegusa. Nilibanwa kwenye kochi kati ya Mama Zawadi na Papa Amani, dereva wa forklift, lile gari la kuinulia mizigo ghalani, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo. Papa alitoka chumbani akiwa amevaa glavu.

"Ee, daktari amefika," alisema Papa Amani. "Mgonjwa yuko wapi?"

Watu wakacheka. Papa akaweka kasha mezani, akalifungua. Kicheko kikaisha chenyewe. Mama Zawadi aliinama, akatazama kasha, akatazama chini ya meza, akamtazama Papa.

"Zile zingine ziko wapi?"

"Ndizo hizi, Mama Zawadi. Zimekuwa hii."

"Zimekuwa."

Papa akaeleza. Alieleza kila kitu, kiwanda cha jangwani, herufi mbili, zilizoyeyushwa, nywele za juu ya sikio. Aliyapanga vizuri, nadhani alikuwa ameyarudia kichwani wiki nyingi. Lakini nilikuwa nimekaa upande wao, na kutoka upande wao nilisikia jinsi yalivyosikika: mtu aliyepewa kiganja kizima cha sarafu amerudi na moja, na anazungumzia nywele.

"Papa Riziki," alisema Mama Zawadi, "wewe umeshika mizani. Tangu lini dhahabu ikawa na herufi? Dhahabu iko na uzito."

"Hii ina zaidi ya uzito."

"Hicho zaidi kiko wapi? Nionyeshe nikishike."

Mama Zawadi akafungua mkoba, akatoa peremende, miwani, kisha kipande cha kitenge, na ndani yake jiwe. Aliliweka kando ya kasha. Nilimsikia Mama akivuta pumzi jikoni.

"Mama Zawadi, naomba," alisema Papa. "Jiwe likiigusa, thamani inashuka."

"Kama ni dhahabu, inaogopa nini jiwe?"

"Acheni mzee aonyeshe tu," alisema Papa Amani, na safari hii hakuwa na mzaha. "Tukishaona, tunakula sambusa, tunakwenda nyumbani. Usipoonyesha, Papa Riziki, sisi tutaambia nini wengine?"

Papa alinyoosha mkono kuichukua sarafu, na mkono ulitetemeka mbele ya watu wote. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kwamba wasiiguse, ina sumu, watazame mikono ya Papa.

Waliojua Kiingereza waliwatafsiria wasiojua kwa minong'ono, na macho yote yakatua kwenye glavu zile nyeupe. Najua walichokisoma. Mtu wa mizani hatetemeki. Mama Zawadi peke yake hakutazama mikono. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama anayesoma mstari.

"Zebaki?" aliniuliza polepole.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mume wangu alikufa nayo," alisema. "Ile inatikisa mtu hata akilala. Hii ya baba yako ni ingine." Kisha akamgeukia Papa. "Sugua wewe mwenyewe. Mimi sitaki kuishika."

Papa akavua glavu. Aliitoa sarafu kwenye kasha kwa vidole vitupu, akaigeuza ubavu, akaisugua mara moja kwenye jiwe. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, kama ukucha kwenye kitambaa cha hariri. Mama Zawadi akavua pete yake ya ndoa, dhahabu ya nyumbani, akasugua mstari wa pili pembeni. Akavaa miwani. Akainua jiwe kuelekea dirishani.

"Wekundu," alisema. "Hii iko na shaba."

Mtu mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Papa alijaribu kueleza kwamba zote za Marekani zina shaba kidogo, hata zile ndogo walizozishika kila mkutano, waliichanganya makusudi ili sarafu ihimili mikono ya watu. Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa ametoa kitu alichokilinda kwa pumzi yake ili aaminiwe, na jiwe lilikuwa limemkana. Sambusa zilibaki mezani. Tulizila sisi wenyewe siku iliyofuata, zikiwa za baridi.

Mama Zawadi alitoa hukumu akiwa mlangoni. Jumamosi tutakwenda kwa huyo sonara. Papa atakuja lakini hatasema neno. "Kiingereza changu ni cha deki na ndoo," alisema. "Riziki atatafsiri. Mtoto hajui kupamba."

Wiki ile sikuweza kula shuleni. Katika akili yangu, neno moja nikilikosea Papa atafungwa, au kanisa litatufukuza, au yote mawili. Nilifanya mazoezi ya maneno bafuni: shaba, mkwaruzo, thamani. Thamani ndilo lililonitisha. Nilijua kulisema kwa lugha zote mbili na sikujua maana yake katika hata moja.

Jumamosi tulisimama mbele ya kaunta, mimi juu ya kreti langu, Papa nyuma karibu na mlango, mikono mfukoni. Mama Zawadi aliweka kasha. Sonara akatabasamu alipolitambua, akaifungua sarafu, akaweka lenzi jichoni, na tabasamu likaondoka. Aliigeuza ubavu. Akauliza ni nani aliyefanya hivi.

"Anauliza nani ameikwaruza," nilisema.

Mama Zawadi hakujibu. "Mwulize kwanza, ni dhahabu?"

Ni dhahabu, sonara alisema. Dhahabu sehemu tisa na shaba sehemu moja, na ndivyo zilivyo zote, hata zile za mwanzo. Nilitafsiri. Nyuma yangu nilisikia Papa akitoa pumzi ndefu.

"Mwulize, ile siku baba yako aliichukua, yeye alimpunja?"

Sonara alipoelewa swali hakukasirika. Alisema mwezi uliopita angeinunua tena kwa kile alichomwuzia, bila kufikiri. Leo angetoa pungufu, theluthi imekwenda. Akanionyesha kwa lenzi. Kwenye vifereji vya ubavuni kulikuwa na pahali palipolazwa, panang'aa ung'avu wa uchi, padogo kuliko punje ya mchele. Nilisema yote kama alivyosema, na theluthi niliirudia kwa vidole, kuhakikisha.

Mama Zawadi aliinamia sarafu. "Mwulize, ile dhahabu iliyobaki kwenye jiwe langu ina uzito gani?"

Sonara akacheka kidogo. Hakuna mizani inayoweza kuipima, alisema.

"Basi theluthi imekwenda wapi? Jiwe halina. Sarafu haina. Wewe hujaichukua. Iko wapi?"

Nilimtafsiria. Yule mzee alivua lenzi, akaanza kuzungumza nami polepole, akichagua maneno mepesi. Alisema mama yake alitoka Vietnam na vipande vya dhahabu amevishonea kwenye ukosi wa nguo, na kama angekuwa hai angeing'ata sarafu hii, asingesubiri jiwe. Kwa mama yake dhahabu ilikuwa mkate. Lakini kuna watu wanaonunua sarafu hizi si kwa ajili ya mkate. Wanalipia kwamba miaka yote hiyo, mikono yote hiyo, hakuna aliyeijeruhi. Ikijeruhiwa padogo tu, bado ni dola kumi, bado ni dhahabu ileile. Ila hawaitaki tena.

Niliyaleta kwa Kiswahili sentensi moja moja. Nilipofika mwisho, Mama Zawadi alikuwa ameacha kuitazama sarafu. Alikuwa anatazama mlangoni, alipo Papa.

"Nimechana noti," alisema.

Nje muuza samaki alikuwa akimwaga barafu.

"Papa Riziki, kwa nini hukuniambia hivyo? Ungesema ni kama dola iliyochanika. Mimi ningeelewa palepale. Wewe ukaniletea nywele za mwanamke."

"Sikuliona," alisema Papa. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Mama Zawadi, miezi yote hiyo nilitafuta namna ya kueleza, na Biblia yenye ile noti ndiyo ilikuwa mbele ya kasha."

Kwenye jukwaa la treni walikaa benchi moja, mimi katikati. Mama Zawadi alimwambia kwamba mkwaruzo ni wake. Papa akasema hapana, kubadilisha bila kuuliza ni kwake. Walibishana hivyo hadi Fairfield, kwa heshima kubwa, kila mmoja akiuvuta ubaya upande wake kama watu wawili wanaogombea kulipia chai. Nilikuwa nimechoka nikalala begani kwa Mama Zawadi, ambako mkoba wenye jiwe ulinichoma ubavuni.

Jumapili baada ya ibada alisimama mbele ya kikundi. Hakutaja kiwanda wala herufi. Alisema, "Papa Riziki alitununulia dola mpya, safi, isiyo na mkunjo. Mimi nikaichana pembeni nikitaka kujua kama ni karatasi." Chumba kizima kiliguna mara moja. Kila mtu pale aliwahi kurudishiwa noti. Papa Amani alikuja akampa Papa mkono, akasema safari ijayo daktari asiache watu wa familia waingie chumba cha upasuaji.

Esta alifariki wakati miti ya barabarani kwetu inatoa maua ya zambarau. Sarafu iliuzwa, na Esta akazikwa vizuri, kwa jeneza zuri, nyimbo, na magari ya kutosha. Pungufu la theluthi lilijazwa. Siwezi kusema na nani, kwa sababu wawili wale kila mmoja hadi leo anadai ni yeye.

Asubuhi ya shule baada ya mazishi, Papa alinifunga vifungo vya sare, vile vidogo vya shingoni ambavyo miezi ile yote vilimshinda. Alivifunga vyote bila kusita. Nilimshika mikono nikaitazama. Ilikuwa imetulia kama meza. Nilimwuliza Mama jikoni kama sumu imetoka, naye hakuelewa, ikabidi nieleze yote, zebaki, glavu, kikombe. Mama aliacha kukata mkate.

"Baba yako hajawahi kugusa zebaki maishani," alisema. "Yule alikuwa amebeba kitu cha watu."

Baada ya hapo mfuko ulikwenda benki, kwa kura, na wazee wakiwa wamenuna. Papa hakununua tena sarafu. Bado yuko Fairfield, bado ananusa plastiki yoyote inayoingia nyumbani, hata ya mkate. Mama Zawadi alipohamia Brisbane kwa mwanawe alinipa jiwe, limefungwa kwenye kile kitenge, bila maelezo.

Nililitoa siku ile ya madaftari, nikaliweka mezani mbele ya mwanangu. Mistari yote miwili bado ipo. Wa pete ni wa njano. Ule mwingine una wekundu, mfupi, unaonekana ukilielekeza jiwe dirishani. Nilimsimulia. Aliuliza, kama ninavyodhani mtoto yeyote angeuliza, ule mwekundu unauzwa kiasi gani. Nikamwambia hauuziki. Akauliza kama akiupitisha kidole utafutika.

"Utafutika," nilimwambia.

Akarudisha kidole chake. Halafu akalichukua jiwe taratibu kwa ncha za vidole, pembeni tu, akalipeleka dirishani, na nikaona kwamba amezuia pumzi.